Madeni Yanayopita Darini

Kuna mama mmoja wa Mbagala anadaiwa laki tatu na nusu, na mume wake hajui. Mimi najua. Najua pia kwamba mdhamini wake ni shemeji yake, kwamba friji aliloweka dhamana halina mota, na kwamba kila Ijumaa huahidi Jumatatu. Mama huyu sijawahi kumwona, wala habari zake sikuzitafuta. Mimi nimekaa kwenye meza yangu najumlisha risiti za watu, na habari zake zinanidondokea kichwani kutoka darini.

Ofisi yetu ni ya uhasibu, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Jirani zetu wanakopesha. Sina ugomvi na wakopeshaji. Na mimi nina yangu mahali. Lakini wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa kuwa harusi huisha kwa siku moja na matanga huchukua muda, kazi kubwa ya jirani zetu iko upande wa matanga. Simu zinaanza saa mbili asubuhi. Kuna kijana wa kubembeleza, huyo hana neno. Kuna wa kutisha kwa upole, naye tunavumiliana. Mkosi wangu ni yule wa tatu, mwenye sauti ya kutangaza mpira, ambaye haamini kabisa kwamba simu inaweza kufikisha sauti bila yeye kuisaidia. "Mama! Siku ya kuchukua ulicheka mpaka jino la mwisho tukaliona! Leo unalia nini?"

Siku moja alikuja mteja wetu, mzee wa heshima mwenye maduka ya vitenge. Tukawa tunaongea habari za kodi yake, kwa sauti ya chini inayostahili jambo lenyewe. Nimefika kwenye mstari mgumu, nimenyanyua kalamu, mara darini kukanguruma: "Mzee, unalipa lini? Usinizungushe!" Mzee wa watu akaruka, akashika kifua. Alidhani TRA wamehamia kwenye silingi. Tulimpa maji. Hakumalizia mazungumzo siku ile, na faili lake nadhani liko kwa wahasibu wengine sasa, wenye dari iliyonyamaza.

Dalali aliyetuleta kwenye jengo hili alikuwa mtu wa kujiamini. Aligonga patisheni kwa kifundo cha kidole, ikatoa mlio mzito wa kitu kizima, akasema, "Bosi, humu hata mkipiga mayowe hakuna atakayewasikia." Ukifikiria vizuri, hayo si maneno ya kumwambia mpangaji. Kisha akatuonyesha juu: vipande vyeupe vya mraba, sentimita 60 kwa 60, vyenye vitobo vidogo vidogo, vimekaa kwenye fremu nyembamba za chuma zilizoning'inizwa kwa waya. "Silingi ya kisasa," akasema, na kodi ya pango ikapanda hapohapo tukiwa tumesimama. Bosi wetu, mtu anayehesabu majani ya chai, alitazama ile silingi kwa macho ya mchumba. Tukalipa miezi sita mbele.

Basi kelele zilipozidi, kila mtu akatuhumu ukuta. Dada Mkubwa wa malipo aliegesha sikio kwenye patisheni, akasema hapa ndipo sauti inapopita. Bosi naye akaegesha, akasema hapana, ni hapa. Mteja akaingia akakuta wahasibu watatu wamebandika masikio ukutani kwa wakopeshaji. Sijui alifikiri nini, lakini alisema atarudi kesho.

Kijana wetu wa fildi, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kujifunza kazi na kutufundisha maisha, akasema suluhisho analijua: trei za mayai. Ana rafiki mwenye studio Sinza, ukuta mzima umejaa trei za mayai, na nyimbo zinatoka safi. Jumatatu akaja na mzigo, trei zile za mayai 30, akazibandika upande mzima wa patisheni kwa gundi. Ofisi ikageuka banda la kuku wa mayai, bila kuku na bila mayai. Yule kijana wa tatu akaendelea kutangaza madeni vilevile, neno kwa neno, na harufu ya mayai yaliyopasuka zamani ikajiunga naye.

Mimi hasira ikinipanda huwa nasoma. Nikasoma, na nikakuta kwamba kosa la kijana wetu lina ukoo wa heshima. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, katika jumba la sanaa la Fogg, na ukumbi ule ulifaa kwa kila kitu isipokuwa mhadhara. Neno likitamkwa lilizunguka humo kwa zaidi ya sekunde 5, likakutana na wenzake waliotamkwa nyuma yake, wote wakaongea kwa pamoja. Kazi ya kutafuta dawa akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Yeye na wasaidizi wake wakawa wanangoja usiku mji utulie, wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, Sanders Theatre, wanaipanga ndani ya ukumbi mbovu, wanapuliza bomba la kinanda, wanapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa. Asubuhi mito inakuwa imesharudi kwao. Ningekuwa mlinzi wa zamu ningemkamata. Lakini mito ilipoongezeka mwangwi ulipungua, Sabine akaandika hesabu zake, na hesabu zile ndizo zilizomfikisha kwenye kupanga sauti ya Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 na kusifiwa hadi leo.

Ila mito ya Sabine ilifanya kazi moja: kumeza sauti ndani ya chumba ilimo, isirudi rudi. Haikumzuia mtu aliyesimama nje asiisikie. Kumeza ni kazi moja na kuzuia ni nyingine, na hapo ndipo trei za mayai, magodoro ya sponji na mapazia mazito yanapowatapeli watu. Kinachoimeza sauti ni kitu laini chenye vitundu, hewa inahangaika humo mpaka nguvu inaisha. Kinachoizuia ni uzito. Ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili unapata nafuu ya desibeli 6 hivi kwa hesabu ya vitabuni, na sikio la binadamu linataka desibeli 10 ndipo likiri kwamba kelele imepungua nusu. Sasa pima trei la mayai. Halina uzito wa kuzuia hata siri ya mtoto. Na hata katika kumeza ni mvivu, kwa sababu ni karatasi nyembamba iliyokunjwa, wala si kitu kinene cha kuzama ndani. Rafiki wa Sinza labda anaimba vizuri tu.

Fundi akaja Jumamosi na ngazi, msaidizi, na penseli sikioni. Hakugonga ukuta. Alipanda moja kwa moja, akasukuma kipande kimoja cha silingi kwa viganja, akaingiza kichwa juu. Kimya. Halafu tukasikia anacheka. Fundi akicheka akiwa juu ya ngazi, wewe anza kutafuta pochi.

"Bosi," akasema kutoka huko juu, "ukuta wenu mzima kabisa. Ila umeishia njiani."

Nikapanda na mimi. Mtu akilipia kitu ana haki ya kukiona. Juu ya vile vipande kulikuwa na uwazi wa karibu mita nzima kufika kwenye zege la ghorofa ya nne. Patisheni yetu, ile iliyogongwa kwa mbwembwe na dalali, ilipita silingi kwa upana wa kiganja kisha ikakata tamaa. Kutoka hapo ni barabara: kwetu, kwa wakopeshaji, kwa wakala wa tiketi za ndege, hadi choo cha mwisho wa korido. Niliona waya, mabomba ya viyoyozi, utando wa buibui na kandambili moja ya kushoto. Na kwa kuwa wakopeshaji hawana Jumamosi, nilimsikia yule kijana wa tatu vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia nikiwa kitini. Akimwambia mtu atakuja na mjumbe.

Nilishuka nimenuna. Mimi nimekulia Manzese, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati. Kuta zile zilikuwa zinaishia usawa wa kenchi, juu ni bati tupu, hakuna dari. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha tano wanakupa pole. Mume na mke walikuwa wanagombana kwa kunong'ona, na nyumba nzima inanyamaza ili isikie vizuri. Mvua tu ndiyo iliyotupa faragha, maana ikipiga kwenye bati hakuna anayemsikia mwenzake. Watu walitunza maneno yao makubwa wakingoja masika. Tumesoma, tumetoka huko, tumepata vyeti vya bodi, tumepanda lifti, tumelipa kodi ya miezi sita, tukarudi kwenye ukuta uleule unaoishia hewani. Tofauti ni kwamba Manzese hatukuwekewa karatasi nyeupe juu ili tusione.

Nikamuuliza fundi kwa nini wanajenga hivi. Akasema kila mtu anajenga hivi. Silingi inatandazwa kwanza ghorofa nzima, haraka na kwa bei ndogo, halafu patisheni zinasimamishwa chini yake au zinaipita kidogo, na mpangaji akihama zinang'olewa zinahamishwa. Na ukienda kwenye asili ya dari hizi utaona hazikudanganya mtu. Hati ya ubunifu aliyoipata Mmarekani Donald Brown mwaka 1961 ilihusu dari ya kuning'iniza ambayo kila kipande unakisukuma juu na kukitoa kutokea chini, ili fundi afikie waya na mabomba bila kuvunja kitu. Hilo linatimia kila siku. Ahadi ya siri tuliitunga sisi na dalali.

Vile vitobo vya vipande vyetu ndivyo vilivyomdanganya Bosi zaidi. Aliona vitobo akadhani vinanasa sauti. Ni kweli vinaimeza, sehemu nzuri tu ya ile inayovigonga kutokea chumbani, ndiyo maana ofisini kwetu hakuna mwangwi. Inayobaki inapenya kwenda juu, kwa sababu kipande chenyewe ni chepesi, unakinyanyua kwa vidole viwili. Sauti ya yule kijana inapanda kwenye silingi ya kwao, inavuka juu ya ukuta, inashuka kwenye ya kwetu. Maabara huipima safari hiyo yote kwa pamoja. Vipande vyepesi vya faibaglasi huipunguza kwa desibeli 25 au pungufu. Vizito vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo hufika 35 na kupita. Vya jipsamu tupu vinazuia vizuri zaidi lakini havimezi, kwa hiyo unakosa maneno ya jirani na unapata ya kwako mara mbili. Kuna vinavyofanya yote mawili, laini chini na vizito mgongoni. Bosi aliuliza bei yake akarudi mezani bila kusema neno.

Akashauri tuzibe pale juu kwa maboksi.

Fundi, Mungu ampe umri, hakucheka safari hii. Alimweleza kwa adabu kwamba kuzuia sauti huku umeacha pengo ni hasara tupu: ukuta wa bei yoyote, ukiuachia uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hautakupunguzia zaidi ya desibeli 20 hivi. Ni chandarua kilichotoboka. Mbu haulizi kilinunuliwa duka gani. Akamwonyesha taa zilizokatiwa matundu makubwa kuliko zenyewe, matundu ya hewa ya kiyoyozi, na mahali fundi umeme alipopitisha waya mmoja kwenye shimo la kupita paka. Kila moja linapitisha madeni ya watu.

Dawa yenyewe, akasema, ni kuupandisha ukuta hadi kwenye zege, bodi mbili za jipsamu kila upande, katikati pamba ya mawe, ambayo ni mwamba ulioyeyushwa ukasokotwa nyuzi, haishiki moto kirahisi. Kingo zote zizibwe kwa gundi ya mpira. Ila uwazi ule wa juu ndio njia ya hewa ya viyoyozi kurudi. Ukiuziba wote, kiyoyozi kinakosa pumzi na wahasibu wanaanza kupika. Kwa hiyo unaacha njia iliyopindwa, ndani imevishwa pamba, hewa ipite na sauti ipotelee kwenye kona. Kwa asiyeweza gharama hiyo, unatandika pamba ya mawe juu ya silingi, mita moja na ushee kila upande wa ukuta, na unawekea vipande vyako mgongo wa jipsamu. Inapunguza, haimalizi. Na uangalie uzito: kipande kimoja cha jipsamu cha sentimita 60 kwa 60 ni kama kilo 3. Weka 40, una kilo 120 juu ya vichwa vya watu, kwenye fremu ambayo mwenyewe aliyeining'iniza alikuwa anakimbilia basi. Lazima uongeze waya.

Tulimwendea mwenye jengo. Shikamoo, marahaba, soda zikaletwa, mazungumzo yakaenda vizuri hadi tulipotaja hela. Akafungua mkataba. Mkataba unataja maji, umeme, ulinzi na usafi wa ngazi. "Sauti," akasema akifuatisha mistari kwa kidole, "siioni humu." Akaruhusu tufanye kwa gharama zetu, kwa sharti kwamba tukihama kila tutakachoongeza kinabaki kuwa chake. Bosi alitoka pale ameongezeka umri.

Kazi ilifanyika. Vumbi liliingia hata kwenye vitabu vya hesabu vilivyofungwa kwenye kabati, kandambili ikatolewa na kukosa mwenyewe, na trei za mayai zikashuka na vipande vya rangi ya ukuta. Nitakuwa mkweli kwa fundi yule: ilifaulu. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikaa, nikasubiri. Kijana wa tatu alikuwepo, maana nilipishana naye kwenye ngazi, lakini kilichokuja kwetu kilikuwa mnong'ono wa mbali usio na jina wala kiasi. Mama wa Mbagala akarudishiwa heshima yake.

Hapo ndipo nilipogundua watu ninaofanya nao kazi. Kelele kubwa ikiondoka, zile ndogo zilizokuwa zimejificha chini yake zinajitokeza. Bosi anafyonza meno. Miaka yote hii anafyonza meno, kila baada ya mstari mmoja wa hesabu, na wakopeshaji ndio waliokuwa wanamsitiri. Kijana wa fildi anatafuna bazoka na kuipasua. Feni la meza linalia upande mmoja. Na ghorofa ya nne kumbe kuna mtu wa viatu vya visigino ambaye hana kiti, maana hajawahi kukaa. Nilimpigia fundi. Akaniambia visigino si maneno: vinaligonga zege lenyewe, zege linatetemeka, na nikitandika pamba gunia zima juu ya silingi nitapata nafuu ndogo. Dawa yake ni kapeti au mpira, huko huko juu, kwa mwenye visigino. Nenda kamwambie, akasema. Sijaenda.

Sisi wenyewe, lazima niseme, ni ofisi ya watu watulivu. Hatupigi kelele. Dada Mkubwa tu ndiye kila baada ya chakula cha mchana huongea na dada yake kuhusu kiwanja chao cha Chanika, kiwanja kilichouzwa mara mbili na mjomba mmoja. Anaongea kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyedhulumiwa. Tumeizoea.

Wiki iliyopita tukasikia hodi. Ni mama msimamizi wa ofisi ya mikopo, mtu mzima, amejifunga mtandio, uso wa kazi. Tukaamkia. Akaitikia, akatazama juu kwenye silingi, akatutazama sisi. Bosi akavaa koti. Alijua ni malalamiko, labda kiyoyozi chao kimekosa hewa, labda tunadaiwa fidia.

"Jamani," mama akasema, "mmeziba huko juu?"

"Tumeziba kidogo, mama," Bosi akasema. "Kwa kibali. Barua ninayo."

"Sina neno na kibali chenu. Ila mngetuambia. Ofisi yangu nzima haitulii, vijana wananiuliza mimi na mimi sina jibu." Akamgeukia Dada Mkubwa. "Yule mjomba wa Chanika, mbele ya mjumbe, alisaini au hakusaini?"

Dada Mkubwa akaweka kalamu chini, akavuta kiti cha wateja. "Mama, kaa kwanza. Huyo mjomba, unajua alikuja na nani?"

Bosi akavua koti, akaniuliza risiti ya fundi nimeiweka wapi.